WAGENI WAWILI KATIKA DARASA MOJA

Ndugu msomaji, iko namna ya maandishi ambayo bila ya shaka umekwisha kukutana nayo, na pengine hukupata kudhani kwamba inastahili kuhakikiwa kama inavyohakikiwa riwaya au utenzi. Ni ile habari aiandikayo mwalimu wa kigeni juu ya siku zake za kwanza katika shule ya ugenini. Mara huwa barua kwa jamaa zake, mara makala katika gazeti la kwao, mara sura nzima ya kitabu cha kumbukumbu. Watu huisoma kwa kujifurahisha, wakacheka penye kichekesho, wakasikitika penye masikitiko, kisha wakaiweka kando. Mimi nasema haifai kuwekwa kando upesi namna hiyo, kwani wako wanaoitumia. Mwalimu wa mwaka ujao huisoma kabla hajapanda ndege. Mtoa msaada huisoma kabla hajafungua mkoba. Na mtu asiyepata kukanyaga Shinyanga wala Geita hupata humo Shinyanga yake na Geita yake, akakaa nazo umri wake wote.

Basi hebu leo tuisome kwa makini, hasa zile habari zitokazo Usukumani, Shinyanga, Kahama na ule ukanda wa dhahabu unaopanda mpaka Geita. Tuulize inasema nini, na nini kimeachwa.

Walimu hawa si wa jana. Mwaka 1961, mwaka ule ule wa Uhuru wa Tanganyika, ulianza mpango wa kuleta walimu wa Kimarekani na Kiingereza katika shule za sekondari za Afrika ya Mashariki, wengi wao wakipitia Makerere kwa mafunzo. Mwaka huo huo walifika vijana wa kwanza wa Peace Corps; Tanganyika hao wa mwanzo walikuwa wapimaji, wahandisi na wajiolojia, na walimu wakafuata nyuma. Peace Corps iliondoka nchini mwaka 1969, ikarudi mwaka 1979, ikawaondoa watu wake tena mwaka 2020 maradhi ya korona yalipoenea duniani. Juu ya hao wamekuwako wamisionari, Waingereza wa kujitolea, Wajapani, na walimu wa Kiarabu kutoka Misri. Haja yao ilikuwa ya kweli, na hasa katika hesabu na sayansi. Tangu ulipoanza mpango wa kupanua elimu ya sekondari mwaka 2004, kila kata ikajengewa shule yake, haja hiyo ilizidi, kwani matofali hupatikana upesi kuliko mwalimu wa fizikia.

Ama habari zenyewe, ukisha kusoma tatu unaweza kuiandika ya nne wewe mwenyewe. Kwanza lipo basi kutoka Mwanza, limejaa, na kuku yuko chini ya kiti. Yako yale majabali makubwa yaliyopangana kama kwamba mtu aliyaweka kwa mkono. Ipo nyumba ya mwalimu yenye popo darini. Lipo dumu la maji, na somo la kuoga kwa kopo moja. Upo ugali wa udaga, ambao mwandishi hawezi kuumeza siku ya kwanza na siku ya arubaini anajisifu kwamba ameuzoea. Wako watoto wa njiani wanaopiga kelele "Mzungu!" Kisha darasa: wanafunzi themanini wanasimama kwa pamoja kumwamkia, naye machozi yanamlengalenga. Mwishowe lipo fungu ambalo halikosekani kabisa, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mwandishi husema kwamba wanafunzi wake ni wema, wana adabu, wanapenda kujifunza, lakini ni wanyamavu. Hawaulizi. Ukiwauliza kama wameelewa, wote hujibu ndiyo. Ukiwapa mtihani, wote huanguka.

Sharti tuwe na insafu. Katika habari hizi mna mengi ya kushukuru. Jicho la mgeni huona kile ambacho sisi tumekizoea mpaka hatukioni. Mwenyeji haandiki kwamba msichana wa kidato cha pili ametembea saa moja na nusu asubuhi na hajala kitu, kwa sababu kwa mwenyeji hiyo si habari. Mgeni huiandika. Mwenyeji haandiki kwamba maabara ya shule ni chumba chenye kufuli na ndani yake mna mizani moja iliyovunjika. Mgeni huiandika, na mara nyingine kwa kuandika kwake mizani ya pili imepatikana. Hatuna haki ya kumcheka mtu aliyeacha kwao akaja kukaa penye kiangazi cha miezi sita, akafundisha watoto wetu hesabu ambazo sisi wenyewe hatukutaka kwenda kuwafundisha. Nitarudi kwenye jambo hilo, maana ni letu.

Lakini hebu tazama jinsi mgeni huyu anavyoisoma nchi kabla hajaisoma. Habari nyingi za Shinyanga husema ni nchi kame isiyo na miti, nchi iliyo ukingoni mwa jangwa. Neno hilo hakulizua yeye. Shinyanga ilipata kuitwa jangwa la Tanzania na Watanzania wenyewe. Mwandishi hutazama dirishani, akaona uwanda mweupe, ng'ombe, na pembeni kipande cha kichaka kilichoachwa bila kulimwa. Akaandika: ardhi tupu. Asichokijua ni kwamba uwanda ule ulikuwa msitu. Zamani za ukoloni miti ilifyekwa kwa maelfu ya ekari ili kuangamiza mbung'o, na Shinyanga ndipo palipokuwa makao ya utafiti wa mbung'o. Tena ikafyekwa kwa ajili ya pamba. Na kile kichaka anachokiona kimeachwa hovyo hakikuachwa hovyo. Ni ngitili, malisho ambayo Msukuma huyafunga wakati wa masika ili ng'ombe wapate nyasi kiangazi, na ni mila ya tangu mababu. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, wenyewe wakiuita HASHI, na jambo la busara walilolifanya ni kuwauliza wazee, nao wazee wakawaonyesha ngitili. Maelfu kwa maelfu ya hekta zikarudi kuota miti. Yaani penye dirisha la mwalimu palikuwa na somo la jiografia, la biolojia na la historia kwa pamoja, na mwanafunzi wake wa dawati la mbele alilijua tangu akiwa mchungaji wa ndama. Hakuulizwa.

Kadhalika maji. Dumu la maji ni shujaa wa kila barua, hata katika miji ambayo mabomba ya Ziwa Victoria yalikwisha kufika, kwani mradi wa kuyaleta maji hayo Kahama na Shinyanga ulizinduliwa mwaka 2009. Vijiji vingi bado vinabeba ndoo, sikatai. Ila dumu limekwisha kuwa pambo la uandishi, kama mwezi katika mashairi ya mapenzi: huwekwa pale kwa kuwa waliotangulia waliliweka.

Sasa tuje kwenye ule unyamavu.

Paul Theroux, Mmarekani aliyefundisha Malawi na kisha Makerere, aliandika mwaka 1967 katika jarida la Transition la Kampala makala aliyoiita "Tarzan Is an Expatriate". Humo aliwafananisha wageni wenzake na yule Tarzan wa sinema, mtu ambaye kwa kuwa yu peke yake wa rangi yake porini basi amekuwa mfalme pasipo kutoka jasho. Makala ile ilikuwa kali, na mimi naona ilikuwa ya haki kwa wengi. Lakini ilitazama ubwana, na mwalimu wa Shinyanga ninayemsema hapa si bwana. Ni mtu mpole, mara nyingi kijana, anayefua nguo zake mwenyewe na anayetaka kupendwa. Kosa lake ni jingine, na ni gumu kuliona kwa sababu linatoka kwa mtu mwema. Amedhani kwamba katika darasa lile mgeni ni mmoja tu.

Mfikirie, ndugu msomaji, mtoto aliyetoka kijijini Bukombe au Msalala, akafaulu darasa la saba, akaingia kidato cha kwanza. Nyumbani alizaliwa na Kisukuma. Asubuhi humwamkia babaye "mwangaluka", jioni "mwadila", na salamu haikatwi hapo. Inaendelea mpaka watu wote, na ng'ombe, wawe wamejuliwa hali. Alipofika miaka saba akaingia shule ya msingi akakuta Kiswahili, ambacho tangu mwaka 1967 ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, isipokuwa chache. Akajifunza. Alipokwisha kukishika, akiweza kubishana nacho na kufanyia hesabu za sehemu, akapandishwa kidato cha kwanza, na hapo lugha ikabadilishwa tena. Hupewa wiki chache za kuzoezwa Kiingereza, kisha biolojia, historia, jiografia na fizikia zote zikamjia kwa lugha ambayo kijijini kwake hapana mtu aisemaye, si dukani, si kisimani, si msikitini wala kanisani.

Huyu naye yuko ugenini. Naye ana mwezi wa kwanza. Naye analala penye kitanda asichokizoea, bwenini au katika chumba cha kupanga, mbali na mamaye. Naye anatamani chakula cha kwao. Anakumbuka michembe na maziwa ya mgando kama mwalimu wake anavyokumbuka mkate na jibini. Ila mwalimu atarudi nyumbani kwake jioni aandike barua kwa lugha yake, na huko watampa pole. Mtoto hana wa kumwandikia. Na akiandika, ataandika nini? Kwamba leo mwalimu amesema maneno kwa muda wa dakika themanini na yeye ameyanakili yote ubaoni bila kosa hata moja la herufi, wala hajui yanasema nini?

Chukua mfano mmoja wa fizikia. Mwalimu anafundisha kazi, kwa maana ya kifizikia: nguvu mara masafa ya kuelekea upande wa nguvu hiyo. Naye, kwa kuwa ni mwalimu mzuri na anataka mfano wa mahali hapo hapo, anasema: msichana aliyebeba ndoo ya maji kichwani akitembea penye tambarare, ndoo ile hakuifanyia kazi yo yote. Kifizikia ni kweli tupu. Lakini darasani wamekaa wasichana waliobeba ndoo tangu saa kumi na moja alfajiri, nao wanasikia kwa lugha ya tatu kwamba hawakufanya kazi. Kwa Kiswahili pangekuwa na kicheko, pangekuwa na ubishi, mmoja angesimama akasema "Mwalimu, njoo ubebe wewe," na katika ubishi ule somo lingeingia mpaka kwenye mfupa. Kwa Kiingereza pana kimya. Mwalimu akaenda akaandika kwamba hawaulizi, na sababu yake akaitaja kuwa haya za Kiafrika, au malezi ya kuogopa wakubwa.

Kimya hicho kimekwisha kupimwa zamani. Tume ya Rais ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiendelee mpaka sekondari, na serikali haikulifuata pendekezo hilo. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Kiingereza, Criper na Dodd, walikagua shule zetu wakakuta kwamba Kiingereza cha walio wengi hakitoshi kabisa kufuatia masomo. Lo, ungetaraji wangesema basi wafundishwe kwa lugha waijuayo. La, wakashauri Kiingereza kibakie na kitiwe nguvu, na mradi mkubwa wa kukitia nguvu kwa msaada wa Uingereza ukafuata. Sitaki kuingia hapa katika ubishi wote wa lugha ya kufundishia. Una watu wake na una uzito pande zote, na mzazi wa Geita anayetaka mwanawe ajue Kiingereza si mjinga. Nasema jambo dogo zaidi. Mwandishi anayeeleza ukimya wa darasa la Shinyanga pasipo kutaja kwamba wanafunzi wale hawaielewi lugha yake, ameandika habari ya kiziwi aliyewashangaa waimbaji kwa kufungua vinywa vyao bure.

Na ajabu ni kwamba yeye mwenyewe ndiye mtu aliye na uwezo wa kulijua jambo hilo kuliko mtu mwingine ye yote. Kila siku sokoni anaonja kuwa bubu. Anaandika kwa urefu, tena kwa uzuri, jinsi alivyotaka mayai akapewa maneno, jinsi alivyoitikia "ndiyo" asilolijua ili aondokane na aibu, jinsi alivyocheka watu walipocheka. Fungu hilo huwa ndilo bora katika habari nzima. Kurasa mbili mbele anaandika kwamba wanafunzi wake hujibu "ndiyo" wasichokielewa, na wala hashtuki. Kalamu ile ile iliandika mafungu yote mawili.

Katika ukanda wa dhahabu pana kimya cha namna nyingine, nacho ni dawati tupu. Geita palichimbwa dhahabu tangu miaka ya 1930 mpaka mgodi wa wakoloni ulipofungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa siku hizi ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, na Bulyanhulu upande wa Kahama mwaka 2001. Lakini mwanafunzi hapotelei katika migodi hiyo yenye uzio na walinzi. Anapotelea kwa wachimbaji wadogo, Nyarugusu na Rwamagasa na kwingineko, katika maduara yaliyochimbwa kwa sururu, penye makarasha ya kusagia mawe, penye mialo ya kuoshea mchanga, na penye zebaki inayochanganywa kwa mikono mitupu na kuchomwa motoni ili dhahabu ibakie. Shirika la Human Rights Watch lilikwenda Geita, Kahama na Chunya, na katika taarifa yake ya mwaka 2013 likaeleza habari za watoto walioanza kazi hiyo wakiwa na umri wa miaka minane.

Mwalimu mgeni huliona dawati tupu baada ya likizo. Huuliza, huambiwa "amekwenda machimboni". Na hapo huja ile sentensi ambayo nimechoka kuisoma: kwamba wazazi wa huku hawathamini elimu. Tumekatazwa kukithirisha dhana juu ya watu, na hii ni dhana. Hebu tufanye hesabu aifanyayo mzazi. Mpaka mwaka 2015 ada ya sekondari ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na juu yake michango, sare, madaftari, na chumba cha kupanga ikiwa shule ni mbali. Ada hiyo iliondolewa kuanzia mwaka 2016. Sare na chumba havikuondolewa. Upande wa pili, mwaloni mtoto hupata chake leo leo, akarudi na unga. Shule inaahidi miaka minne, na mwisho wa miaka minne uko mtihani kwa lugha ile ile ya kimya. Mzazi ameona watoto wa jirani wamemaliza miaka minne wakarudi na sifuri, kisha wakaenda machimboni wakiwa wamechelewa. Anathamini elimu, ameitazama hii iliyoko mbele yake akaona haimpi mwanawe kitu. Simtetei mzazi ampelekaye mtoto kwenye zebaki. Zebaki huharibu ubongo na figo, na mtoto ni amana, na mwenye amana ataulizwa. Ila anayetaka kumlaumu na aijue kwanza hesabu yake, na katika hesabu ile aione ile nafasi ya somo lake mwenyewe la saa mbili asubuhi.

Usidhani, msomaji, kwamba kosa hili ni la Wazungu. Ibn Battuta, msafiri wetu tunayejivunia, aliyeisifu Kilwa mwaka 1331, alipofika Mali mwaka 1352 aliambiwa kwamba mfalme amemletea zawadi ya ugeni. Akasimama akitaraji mavazi na fedha. Akaletewa mikate mitatu, kipande cha nyama iliyokaangwa na kibuyu cha maziwa ya mgando. Alicheka, na akaandika kwamba alizistaajabia akili finyu za watu wale. Maziwa ya mgando katika kibuyu! Kwa Msukuma hiyo ni heshima. Na alipokuwa kadhi katika visiwa vya Maldives alitaka kuwabadilisha wanawake mavazi yao mara moja kwa amri, akashindwa. Tunamsoma kwa faida kubwa, lakini katika kurasa hizo yeye ni mgeni wa wiki ya tatu, kama kijana wa Peace Corps.

Wala hapana haja ya kwenda mbali mpaka karne hizo. Waulize walimu vijana wa Tanga, wa Dar es Salaam, na wa visiwani, siku wanapopangiwa kazi Geita au Kishapu. Sikiliza wanavyosema: tumetupwa porini. Wanasema Wasukuma ni washamba, hawajui Kiswahili, wanakula mlenda, wanasalimia kwa kupiga magoti. Wengine huripoti, wakasaini, wakarudi mjini kutafuta uhamisho. Barua zao hazichapwi, ndiyo tofauti. Yule Mwingereza amekaa miaka miwili na popo zake. Huyu ndugu yetu, mtoto wa Kiislamu wa pwani, mwenye ustaarabu wa miaka elfu, hakukaa hata muhula. Na mwanafunzi yule wa Bukombe, ambaye angeweza kupata mtu wa kumfafanulia ile fizikia kwa Kiswahili fasaha baada ya kipindi, amekosa kwa mgeni na kwa mwenyeji. Nilisema nitarudi kwenye jambo hili.

Tunao lakini walimu wageni wa kwetu waliokwenda kwao, na hapa uhakiki wangu unapata kipimo chake. Ilipofunguliwa Berlin mwaka 1887 shule ya lugha za Mashariki, Wajerumani walihitaji watu wa kuwafundisha Kiswahili maofisa waliokuwa wakija kututawala. Amur bin Nasur, Mwarabu wa Unguja, alifundisha huko miaka ya mwanzo ya 1890. Aliandika habari za safari yake na za mji wa Berlin alivyouona, na Büttner akazichapa mwaka 1894. Hiyo ni barua ya mwalimu mgeni kama nilizozisema, ila kwa upande wetu na kwa Kiswahili chetu. Akaja Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo mwaka 1900. Mwaka 1904 alioa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1905 alitaka kurudi naye nyumbani, na serikali ya koloni haikumruhusu kuteremka naye. Akarudi Ujerumani, akafa huko mwaka 1927. Jina lake leo linajulikana kwa kitabu cha desturi za Waswahili alichochapiwa na Velten mwaka 1903.

Angalia jambo hili. Mwalimu wa Kizungu akija Shinyanga huandika desturi zetu. Mwalimu wetu alipokwenda Berlin, akaishi na Wajerumani, akaoa kwao, akafundisha vijana wao miaka kwa miaka, kitabu tulichobakiwa nacho chenye jina lake kinaeleza, pia, desturi zetu. Hapana aliyemtaka aandike desturi za Wajerumani: jinsi wanafunzi wao wanavyokaa darasani, wanavyomwita mwalimu mweusi, kama wanauliza maswali au wananyamaza. Amur alionja kidogo. Mtoro, aliyekuwa na miaka ishirini na zaidi ya kuyaona hayo, angetuandikia kitabu cha ajabu.

Ndiyo sababu sitaki mwalimu mgeni aache kuandika. Aandike. Lakini hadithi maarufu inatuambia haki ya ugeni ni siku tatu, na wahenga wetu wa Kiswahili walikuwa wagumu zaidi, wakampa mgeni jembe siku ya tatu yenyewe. Habari ninazozisema zote zimeandikwa ndani ya siku tatu hizo, hata pale mwandishi alipokaa miaka miwili. Ningependa kumsoma aliyekwisha kushika jembe. Al-Biruni, kabla hajaandika kitabu chake juu ya India yapata mwaka 1030, alijitia taabu ya kujifunza Kisanskriti na kukaa chini ya wanazuoni wa Kihindu. Kwa hiyo hata anapowapinga unasikia sauti zao katika kurasa zake. Mwalimu wa Shinyanga hatakiwi taabu kubwa hivyo. Kiswahili cha kutosha kuuliza "umeelewa nini?" badala ya "umeelewa?" hupatikana kwa muhula mmoja. Kisukuma cha salamu hupatikana kwa wiki, na mzee anayesikia "mwangaluka" kutoka kwa mgeni hafichi furaha yake. Na majina. Katika habari zote za namna hii mpishi ana jina, mlinzi ana jina, mbwa wa mwalimu ana jina. Wale themanini waliosimama kumwamkia ni "wanafunzi wangu".

Iko kazi nyingine ambayo si yake, ni yetu na ya mhariri wa gazeti hili. Yule mgeni wa pili wa darasa lile hajaandika chake. Yupo sasa hivi kidato cha kwanza, Kahama au Geita, ana muhula mmoja tangu atoke kijijini, na mambo anayoyaona kwa mwalimu wake huyo, jinsi anavyokula, anavyotembea upesi upesi pasipo kusalimia, anavyozungumza na mbwa, anavyofuta ubao kabla watu hawajamaliza kunakili, bila ya shaka yangechekesha na kufundisha. Kiswahili chake kinatosha kabisa kuyaandika. Shuleni, katika masomo yake yote, ni machache tu ambamo anaruhusiwa kukitumia, na kwa kawaida katika kipindi cha Kiswahili hupewa kuandika insha juu ya faida za misitu.